Kumponya Ndege Mwindaji na Kumrudisha Porini

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

  Wenye kitabu na wakifungue, wafuate maneno kwa kidole. Wasio na kitabu na wasikilize. Mwalimu wa darasa atawasomea tena polepole baadaye.

Leo tutaanza na habari ya zamani. Ninyi mlio Tabora mnaijua njia ya misafara. Ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa karibu kilometa 1,200. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, yaani karibu kilo 30, akaenda kwa miguu siku baada ya siku.

Sasa fikirini jambo moja. Mpagazi ameshikwa na homa njiani. Wenzake wamemwacha katika kijiji, naye amelazwa kivulini. Baada ya siku kumi homa imemtoka. Anakula ugali, anacheka, anazungumza. Je, amepona? Mama aliyemtunza atasema, "Amepona." Lakini kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, atamwuliza swali jingine: "Waweza kuchukua mzigo mpaka Ujiji?"

Mnaona? Kupona kwa kivulini si kupona kwa njiani. Shikeni neno hilo, maana ndilo somo letu la leo. Tutazungumza juu ya ndege wawindaji walioumia: jinsi ya kuwaokoa, kuwaponya, na kuwarudisha porini wakajilishe wenyewe.

NDEGE WAWINDAJI NA KAZI YAO

Ndege wawindaji ni ndege walao nyama. Mdomo wao umepindika kama ndoana, na kucha zao ni kali. Kipanga, mwewe, tai na bundi ni wa jamaa hii. Tumbusi, ambaye wengi humwita tai, hula mizoga. Yeye pia tutamhesabu pamoja nao.

Najua mmoja wenu amekwisha kuinua mkono. Anasema: "Mwalimu, kipanga ni mwizi wa vifaranga vyangu. Akivunjika bawa, nitafurahi. Kwa nini nimponye?"

Ni swali la haki, nami nitalijibu. Kifaranga kikichukuliwa mchana, nyumba nzima hupiga kelele. Panya akichukuliwa usiku, hakuna aonaye wala apigaye kelele. Basi hasara tunaihesabu, faida hatuihesabu. Wataalamu wa kilimo wamekadiria kwamba katika nchi yetu panya hula karibu magunia 15 katika kila magunia 100 ya mahindi. Na jozi moja ya bundi wenye makinda huweza kula panya zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Vifaranga vyaweza kufunikwa kwa tenga katika majuma yao ya kwanza. Lakini nani awezaye kulifunika shamba zima lisiingiwe na panya?

Wengine huogopa bundi. Husema kwamba akilia juu ya paa, kuna mtu atakufa. Ndugu zangu, bundi huja juu ya paa kwa sababu panya wako chini ya paa.

Na tumbusi je? Tumbo lake lina asidi kali iwezayo kuua vijidudu vingi vya maradhi. Mzoga wa ng'ombe wakiufikia tumbusi wengi, kwa muda mfupi hubaki mifupa tu. Huko Uhindi, katika miaka ya 1990, tumbusi walikufa karibu wote. Sababu ilikuwa dawa moja ya maumivu, iitwayo diklofenaki, waliyopewa ng'ombe. Tumbusi walipokula mizoga ya ng'ombe hao, figo zao ziliharibika. Mizoga ikabaki ikioza, na mbwa wa mitaani wakaongezeka. Mwaka 2006 serikali ya Uhindi ilikataza dawa hiyo isitumiwe kwa mifugo, lakini tumbusi walikuwa wamekwisha kwisha katika sehemu nyingi.

(Mwalimu asimame hapa. Awaulize wanafunzi: Ni ndege gani wawindaji waonekanao katika kijiji chetu?)

JINSI WANAVYOUMIA

Ndege hawa huumia kwa njia nyingi, na nyingi zatokana na sisi watu. Bundi huwinda panya kando ya barabara usiku. Taa za lori humpofusha, naye hugongwa. Tai hutua juu ya nguzo ya umeme; mabawa yake yakigusa nyaya mbili pamoja, huunguzwa. Mtoto hupiga kipanga kwa manati. Mti mkubwa wa miombo hukatwa, labda kwa kuni za kukaushia tumbaku, na kiota kilichokuwa juu huanguka pamoja na makinda. Na tena iko sumu. Juu ya sumu tutasema mwishoni, maana hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

SAA ZA KWANZA

Tuseme umetoka Sikonge asubuhi kwa baiskeli, unakwenda Tabora. Kando ya barabara wamwona bundi chini. Bawa moja linaning'inia. Anakukodolea macho na kugongagonga mdomo. Utafanya nini?

Kwanza, usimkimbilie. Ndege huyo akuona wewe kuwa adui aliyekuja kumla. Hofu peke yake yaweza kumwua.

Pili, mfunike kwa kitambaa, kama vile kanga, shuka au koti lako. Ndege asiyeona hutulia. Kisha mshike kwa mikono miwili juu ya kitambaa, mabawa yakiwa yamekunjwa mwilini. Jihadhari na miguu yake. Watu wengi huogopa mdomo, lakini silaha ya bundi, kipanga na tai ni kucha. Tumbusi ndiye aumaye kwa mdomo.

Tatu, mweke katika boksi la karatasi ngumu lenye matundu madogo ya hewa, na chini utandike gunia au kitambaa. Usimtie katika kizimba cha waya. Atajipigapiga na kuyavunja manyoya yake.

Nne, usimpe chakula. Hapa ndipo watu wengi wenye huruma huua. Ndege aliyekaa na njaa siku nyingi hawezi kusaga nyama. Tumbo lake limedhoofu. Wala usimmiminie maji mdomoni, kwa maana yaweza kuingia mapafuni. Ugali, mkate na maziwa si chakula chake kabisa.

Tano, mweke mahali penye giza na kimya, mbali na mbwa na watoto. Usiwaite majirani waje kumtazama.

Sita, toa habari siku hiyo hiyo. Mwambie afisa mtendaji wa kijiji, au nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Afisa mifugo pia aweza kusaidia kutazama jeraha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukaa na mnyama wa porini bila kibali. Na ndege ni katika hao. Kwa hiyo, usimweke nyumbani hata kwa nia njema.

(Mwalimu awape wanafunzi nafasi ya kuzikariri hatua hizi sita.)

KUPONA KWA KIVULINI

Yuko wapi mganga wa ndege hawa? Katika Afrika Mashariki, kazi hii inajulikana sana huko Kenya. Chama kiitwacho Kenya Bird of Prey Trust kina vituo viwili katika Bonde la Ufa: kimoja Naivasha, na kingine Soysambu karibu na ziwa Elmenteita. Mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo ni Simon Thomsett, ambaye ameshughulika na ndege wawindaji kwa miaka mingi sana. Ndege walioumia hupelekwa huko wakatibiwe. Basi, ndege hutunzwaje mahali pa namna hiyo?

Jambo la kwanza ni kumpima kwa mizani. Uzito wa ndege husema mengi kuliko sura yake, maana manyoya huficha ukondefu. Kisha hupewa maji yenye chumvichumvi kidogo, kwa mpira mwembamba ufikao mpaka tumboni. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Nyama huja baadaye, kidogo kidogo.

Bawa lililovunjika hufungwa lisicheze. Pengine mfupa huwekewa banzi au chuma chembamba. Mfupa wa ndege una uwazi ndani na ganda jembamba, kwa hiyo huvunjika vibaya. Lakini huunga upesi, mara nyingi kwa majuma matatu hivi. Upesi huo ni baraka, tena ni hatari: ukichelewa kumpeleka, mfupa huunga umepinda. Na mfupa ukivunjika karibu na kiungo, mara nyingi ndege haruki tena.

Chakula chake ni panya mzima au kifaranga kizima, pamoja na mifupa na manyoya. Nyama laini peke yake haifai. Kinda alishwaye nyama bila mifupa hukosa chokaa mwilini, na mifupa yake hulegea ikapinda. Ndege mwenye afya husaga nyama, kisha hutapika kitonge cha manyoya na mifupa midogo. Watunzaji hukitazama kitonge hicho kila asubuhi, kama mama atazamavyo nepi ya mtoto.

Tena liko jambo la manyoya ya bawa. Unyoya mkubwa ukivunjika, hauoti mwingine mpaka wakati wa kupukutika ufike. Basi watunzaji huchukua unyoya uliopukutika wa ndege wa aina ile ile, bawa lile lile na nafasi ile ile. Hutia kijiti chembamba cha mwanzi ndani ya bua la unyoya uliovunjika, wakauunganisha huo wa pili kwa gundi. Wafugaji wa vipanga wa Arabuni wameijua kazi hiyo tangu zamani. Huko Abu Dhabi ilifunguliwa hospitali nzima ya vipanga mwaka 1999.

KUPONA KWA NJIANI

Sasa mfupa umeunga. Ndege anakula, ananenepa, anang'aa. Mtu asiyejua atasema, "Mfungulieni aende zake." Kumbukeni yule mpagazi. Ndege aliyekaa kizimbani mwezi mzima amelegea misuli. Akiachiwa leo, ataruka mpaka kwenye mti, nasi tutapiga makofi. Kesho atamkosa panya. Keshokutwa atamkosa tena. Siku chache baadaye atakufa kwa njaa mahali ambapo hatumwoni. Sisi tutadhani tumemwokoa, kumbe tumempeleka mbali akafe.

Kwa hiyo huanza mazoezi. Kipanga hufungwa kigwe cha ngozi miguuni, na kigwe hufungwa kamba ndefu nyepesi. Mtunzaji huvaa glavu nene, hushika kipande cha nyama, na ndege huruka kutoka kwenye kigingi mpaka mkononi. Siku ya kwanza ni hatua chache. Baadaye meta 20, kisha 50, kisha 100. Kila siku hupimwa uzito. Akitua na kuhema mdomo wazi, bado hana pumzi. Mwishowe kamba huondolewa, naye hupewa nafasi ya kuwinda mwenyewe. Bundi hujaribiwa kwa namna nyingine: huwekwa usiku katika banda kubwa, hutiwa panya humo, na asubuhi watunzaji hutazama kama amemkamata. Tumbusi huhitaji banda refu la kurukia, pamoja na wenzake.

Ndege mkubwa aliyezaliwa porini husahau mkono wa mtu upesi akirudi kwao. Lakini kinda ni jambo jingine. Kinda alelewaye na mtu peke yake humwona mtu kuwa ndiye mama yake. Akikua hawajui ndege wenzake. Huwafuata watu akiomba nyama, au huwarukia kwa kucha, na mwisho hupigwa akafa. Kwa hiyo, kinda akianguka naye ni mzima, dawa bora ni kumrudisha kiotani, au katika kikapu kilichofungwa juu ya mti ule ule, wazazi wake wamlishe. Ikiwa wazazi hawapo, hulelewa pamoja na makinda wenzake, na chakula huingizwa bila yeye kuuona uso wa mtu.

Ndugu zangu, hili ni gumu kwa moyo. Tumezoea kwamba mnyama tuliyemtunza atupende. Kwa ndege mwindaji ni kinyume. Siku atakapotukimbia bila kugeuka nyuma, ndiyo siku tuliyoshinda.

Wala wote hawaponi. Wengine hufa siku ya kwanza. Wengine hubaki na bawa bovu. Hao hukaa vituoni maisha yao yote, ambako huweza kuwalea makinda yatima au kuwafundisha watoto wa shule. Na yuko yule mwenye maumivu yasiyo na dawa, ambaye daktari hulazimika kumlaza usingizi wa mwisho. Hiyo pia ni huruma.

SIKU YA KUMWACHIA

Ndege huachiwa karibu na mahali alipookotwa, ikiwa pana usalama, kwa maana anazijua njia, maji na miti ya hapo. Huachiwa hali ya hewa ikiwa njema: kipanga asubuhi, bundi jioni. Mara nyingi huvikwa pete yenye nambari mguuni, ili akionekana tena ajulikane.

Tena sharti tuujue msafara wake. Ndege wengine ni wasafiri kuliko wapagazi wa zamani. Yuko kipanga mdogo wa Amur, ambaye huzaliwa upande wa China na Siberia, huvuka Bahari ya Hindi, hupita Afrika Mashariki na kwenda kusini mwa Afrika. Wako tai wadogo wa Ulaya ambao tangu miaka ya 1990 wamefungwa vyombo vidogo mgongoni na kufuatwa kwa satelaiti. Imeonekana kwamba huja kutoka Ulaya ya mashariki, hupita Misri na Afrika Mashariki, mpaka Zambia na nchi jirani. Ndege kama huyo akipona wakati wenzake wamekwisha kupita, yafaa angojee msafara wa pili.

NENO LA MWISHO: SUMU

Kila mwaka wako wafugaji waliwao ng'ombe na simba au fisi. Uchungu wake ni mkubwa. Ng'ombe ni karo ya mtoto, ni mahari, ni akiba. Basi mtu hutia dawa ya wadudu katika mzoga, ili simba akirudi afe. Lakini afikaye kwanza ni tumbusi. Mmoja humwona mwenzake akishuka, naye hushuka. Na wa mbali humwona huyo. Kwa saa chache huwa kundi kubwa.

Mwezi wa Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, kusini-mashariki ya mkoa wenu wa Tabora, simba 6 na tumbusi 74 walikutwa wamekufa kwa sumu. Mwezi wa Juni 2019, katika nchi ya Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Jozi ya tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kinda huhitaji miaka kama mitano kabla ya kuanza kuzaa. Sasa fanyeni hesabu wenyewe: ni miaka mingapi itapita kabla ya kuwarudisha 537?

Tumbusi aliyekula sumu, akiokotwa angali hai, pengine huponyeka: husafishwa tumbo, hupewa dawa na maji, na baada ya siku kadhaa huruka. Lakini madaktari hawawezi kuwaokota wote. Bawa lililovunjika laweza kufungwa. Mzoga wenye sumu hauwezi kufungwa. Kwa hiyo simba akiua ng'ombe wako, toa habari kwa afisa wanyamapori, na uimarishe boma lako. Ukiuona mzoga na ndege waliokufa kando yake, usiguse kitu kwa mikono mitupu. Zuia watoto na mbwa, upeleke habari mara moja.

Basi, ndugu wanafunzi, tumefika mwisho wa safari yetu. Zamani kirangozi hakumtazama mpagazi amelala vizuri namna gani. Alimtazama akisimama, akiuinua mzigo, akizipiga hatua za kwanza. Nasi na tumtazame hivyo ndege tuliyemwokoa. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Banzi: kijiti cha kushikizia mfupa uliovunjika.
Kitonge: donge la manyoya na mifupa alitapikalo ndege mwindaji.
Kigwe: ukanda mwembamba.
Kupukutika: kuanguka kwa manyoya ya zamani ili mapya yaote.

MASWALI YA MAZUNGUMZO DARASANI

1. Kwa nini haifai kumlisha mara moja ndege uliyemwokota?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kupona kwa kivulini na kupona kwa njiani.
3. Kinda ameanguka kutoka kiotani, naye ni mzima. Tufanye nini?
4. Jirani yako ameuawa ng'ombe na simba, naye anataka kutia sumu katika mzoga. Utamwambia nini ili akusikilize?